Kutambua Hitilafu ya Kihisi cha Mgandamizo wa Hewa katika Gari Lililoundwa Nyumbani: Nafasi ya Thamani Rejea za Mahali, Mfano wa Kiseke, Mwanza

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna ya kubaini iwapo kihisi cha injini kinachoshukiwa kuwa kibovu ni kibovu kweli, katika gari ambalo halikutoka kiwandani bali limeundwa nyumbani kwa vipuri vya magari mengine. Mahali panapozingatiwa ni Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, jijini Mwanza. Hoja kuu ni kwamba kihisi hakiwezi kuhukumiwa kwa namba ya kitabu cha ufundi peke yake. Namba hiyo inapaswa kwanza kurekebishwa kulingana na mwinuko wa mahali, kisha kupimwa huku vifaa vingine vya umeme vya gari vikifanya kazi. Makala yanaonesha kwamba mgandamizo wa hewa wa Kiseke, ambao ni takribani kilopaskali 88, hushusha usomaji wa kihisi kizima hadi chini ya kiwango kinachotajwa vitabuni, na kwamba waya wa ethi uliofungwa vibaya unaweza kuzalisha dalili zote za kihisi kibovu. Inapendekezwa kwamba fundi ajenge thamani rejea zake kwa hewa na maji ya mahali alipo kabla ya kununua kipuri.

Maneno ya msingi: kihisi, mgandamizo wa hewa, thamani rejea, waya wa ethi, gari lililoundwa nyumbani, Kiseke

1.0 UTANGULIZI

Historia ya kuunda magari katika Afrika ya Mashariki si ngeni. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya, na gari la Nyayo Pioneer likazinduliwa mwaka 1990. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilifanyia majaribio gari la umeme la Kiira EV. Nchini Tanzania, kituo cha Nyumbu kilichopo Kibaha kimehusishwa na uundaji wa magari kwa miaka mingi. Juhudi hizo zilibebwa na taasisi zenye wahandisi, karakana na vifaa vya vipimo. Upande wa pili wapo waundaji wasio na taasisi nyuma yao. Hao huchomelea chasisi uani mwa nyumba, huchukua injini ya gari lililochakaa au lililopata ajali, na kuunganisha upya nyaya zake kwa mikono yao wenyewe.

Mwundaji wa nyumbani anaporithi injini, hurithi pia namba zake. Kitabu cha ufundi humwambia kwamba kihisi fulani kisome volti kadhaa, na video za mtandaoni humpa namba zinazofanana na hizo. Lakini namba hizo ziliandikwa kwa ajili ya gari lenye nyaya za kiwandani, na nyingi kati yake zinachukulia kwamba gari lipo karibu na usawa wa bahari. Gari la Kiseke halitimizi sharti lolote kati ya hayo mawili. Hapo ndipo lilipo tatizo linaloshughulikiwa na makala haya: ni kwa kigezo gani fundi wa Kiseke atasema kwamba kihisi kinadanganya?

Swali hili lina uzito wa kiuchumi na wa kiufundi. Kihisi kinachobadilishwa bila kuthibitishwa hula fedha ya mwundaji, na tatizo hubaki palepale. Aidha, injini inayopewa petroli nyingi kuliko hewa yake huharibika taratibu: petroli isiyoungua huosha utando wa oili katika kuta za silinda, huingia katika oili yenyewe na kuipunguzia uzito, na plagi hujaa masizi. Uchunguzi usio sahihi unaweza hivyo kugharimu injini nzima.

Ili maelezo yawe bayana, makala yanatumia gari moja la mfano, lililobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi. Gari hilo lina chasisi ya mabomba ya mraba yaliyochomelewa na kupakwa rangi, bodi ya bati, na injini ya Toyota 5A-FE ya lita 1.5, aina iliyotumika katika magari mengi ya Corolla ya miaka ya 1990. Kompyuta ya injini ni ile iliyokuja na injini. Bomba la moshi limetengenezwa upya na halina kihisi cha oksijeni. Dalili za gari hili ni tatu. Injini hutulia vizuri ikiwa ya baridi. Ikishapata joto, huanza kupanda na kushuka mwendo na kutoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Kisha, kihisi cha mgandamizo wa hewa kinapopimwa kwa mita, kinasoma volti 3.2 wakati kitabu kinataka volti 3.3 hadi 3.9. Kwa ushahidi huo, mwundaji amehitimisha kwamba kihisi kimechoka, na kwamba joto ndilo linalokizidishia ubovu.

2.0 KIHISI NA KAZI YAKE

Injini ya aina hii haina kifaa cha kupima moja kwa moja kiasi cha hewa inayoingia. Kompyuta hukadiria kiasi hicho kutokana na mambo matatu: mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, mwendo wa injini na jotoridi la hewa. Hewa ikigandamizwa zaidi, uzito wake katika ujazo uleule huongezeka, na kompyuta huamuru injekta zibaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kosa lolote katika usomaji wa mgandamizo huingia moja kwa moja katika kiasi cha petroli.

Kihisi chenyewe ni kifaa kidogo chenye utando mwembamba wa silikoni. Upande mmoja wa utando upo ombwe lililofungiwa tangu kiwandani. Upande wa pili hufikiwa na hewa ya manifoldi kupitia mpira mwembamba. Utando ukipinda, ukinzani wa vijenzi vilivyomo juu yake hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa volti. Kwa kuwa kipimo kinaanzia kwenye ombwe, kihisi hiki hupima mgandamizo kamili, wala si tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje. Sifa hiyo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya hoja ya makala haya.

Kihisi kina nyaya tatu. Wa kwanza, unaotambulika kama VC, huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili, PIM, hurudisha ishara. Wa tatu, E2, ni ethi maalumu ya vihisi, na katika gari la kiwandani hurudi moja kwa moja kwenye kompyuta bila kugusa bodi. Kihisi cha jotoridi la maji, ambacho ishara yake huitwa THW, nacho hutumia E2 hiyohiyo.

Vitabu vya ufundi vya Toyota vya kizazi hicho vinaelekeza kwamba ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka, volti kati ya PIM na E2 iwe 3.3 hadi 3.9, yaani 3.6 kwa wastani. Vinaeleza pia kwamba kila mgandamizo unapopungua kwa milimita 100 za zebaki, volti hushuka kwa takribani 0.4. Milimita 100 za zebaki ni sawa na kilopaskali 13.3. Kwa hiyo kila kilopaskali moja ina thamani ya takribani volti 0.03.

3.0 THAMANI REJEA ZA KISEKE

3.1 Hewa

Injini ikiwa imezimwa, manifoldi haina mvuto wowote. Hewa iliyomo ni hewa ya nje. Kihisi wakati huo hufanya kazi ya baromita, na jibu lake sahihi ni mgandamizo wa hewa wa mahali gari lilipo. Usawa wa maji wa Ziwa Viktoria upo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, mgandamizo wa kawaida wa hewa ni takribani kilopaskali 88.4, ukilinganishwa na 101.3 za usawa wa bahari. Kila mwinuko unapoongezeka kwa mita 100, mgandamizo hupungua kwa takribani kilopaskali 1, hivyo vilima vya Mwanza hubadilisha namba hii kidogo tu.

Tofauti kati ya 101.3 na 88.4 ni kilopaskali 12.9. Ukizidisha kwa volti 0.03, unapata upungufu wa volti 0.39. Kihisi kizima ambacho kingesoma volti 3.6 Dar es Salaam kitasoma takribani volti 3.2 Kiseke. Jedwali lifuatalo linaonesha hali ilivyo katika miji minne.

Jedwali 1: Mgandamizo wa hewa, usomaji unaotarajiwa wa kihisi na jotoridi la maji kuchemka

Dar es Salaam (usawa wa bahari): kilopaskali 101, volti 3.6, nyuzi 100
Mwanza (takribani mita 1,134): kilopaskali 88, volti 3.2, nyuzi 96
Arusha (takribani mita 1,400): kilopaskali 86, volti 3.1, nyuzi 95
Nairobi (takribani mita 1,700): kilopaskali 83; volti 3.0, nyuzi 94

Chanzo: Ukokotozi wa mwandishi kutokana na angahewa sanifu

Kutokana na jedwali hili, ushahidi wa kwanza dhidi ya kihisi cha gari la mfano unaanguka. Volti 3.2 ndizo hasa zinazotarajiwa Mwanza. Jambo la pili halionekani kwa urahisi, lakini lina madhara makubwa zaidi. Ikiwa masafa ya kitabu ya volti 3.3 hadi 3.9 yatashushwa kwa 0.39, masafa halali ya Kiseke yanakuwa takribani volti 2.9 hadi 3.5. Maana yake ni kwamba kihisi kinachosoma volti 3.7 Kiseke kitapasishwa na kitabu ilhali kimekosea. Matumizi ya rejea ya mbali hayamtii hatiani asiye na kosa tu. Humwachia huru mkosaji pia.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Mtu anayetaka kuthibitisha mgandamizo wa hewa wa Kiseke anaweza kufungua programu ya hali ya hewa katika simu, akakuta imeandikwa takribani hektopaskali 1,015, yaani kilopaskali 101.5, na akaamini kwamba kitabu kilikuwa sahihi. Namba hiyo si mgandamizo wa Kiseke. Wataalamu wa hali ya hewa hurekebisha vipimo vya vituo vyote viwe kana kwamba vilichukuliwa katika usawa wa bahari, ili ramani za mgandamizo ziweze kulinganishwa. Simu yenye baromita ndani yake, ikisomwa bila marekebisho hayo, ndiyo itakayoonesha namba inayokaribia hektopaskali 885.

3.2 Maji yanayochemka

Kihisi cha jotoridi la maji nacho hupimwa kwa njia inayotegemea mahali. Kitabu kinasema ukinzani wake uwe kiloomu 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na kiloomu 0.2 hadi 0.4 katika nyuzi 80. Fundi asiye na kipimajoto hutumbukiza ncha ya kihisi katika sufuria ya maji yanayochemka, akichukulia kwamba maji hayo yana nyuzi 100. Kiseke maji huchemka yakiwa na takribani nyuzi 96. Tofauti ya nyuzi nne haitoshi kumfanya kihisi kizima kionekane kibovu, lakini inatosha kumpotosha anayelinganisha usomaji wake na mkunjo wa namba uliochorwa kwa nyuzi 100.

Hata hivyo, sufuria hiyohiyo inaweza kuwa msaada. Ikiwa fundi ana kipimajoto cha kuaminika, jotoridi la maji kuchemka humpa ushahidi huru wa mgandamizo wa hewa. Maji yakichemka katika nyuzi 96, mgandamizo ni karibu kilopaskali 88. Kwa njia hii jiko la mkaa na sufuria vinathibitisha kile ambacho kihisi kilikuwa kikisema tangu mwanzo.

4.0 HATUA ZA UCHUNGUZI

4.1 Kusoma taa ya injini na mipaka yake

Katika magari ya Toyota ya kizazi hicho, ncha za TE1 na E1 za kisanduku cha uchunguzi zikiunganishwa, taa ya injini huwaka na kuzima kwa hesabu ya msimbo. Msimbo 31 huhusu ishara ya mgandamizo wa hewa na msimbo 22 huhusu jotoridi la maji. Kwa gari lililoundwa nyumbani, hatua hii inawezekana iwapo tu mwundaji aliziunganisha nyaya za taa na kisanduku.

Hata inapowezekana, kutokuwepo kwa msimbo si uthibitisho wa usalama. Kompyuta huandika msimbo pale waya unapokatika au unapogusana na mwingine, kiasi kwamba ishara inatoka nje ya mipaka inayowezekana. Ishara iliyo ndani ya mipaka lakini si ya kweli hupita bila kuulizwa. Gari la mfano halina msimbo wowote.

4.2 Kupima kihisi peke yake

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba VC ina volti kati ya 4.5 na 5.5, kwa kuwa kihisi hakiwezi kutoa jibu sahihi kikipewa chakula pungufu. Baada ya hapo kihisi kinapimwa katika mgandamizo zaidi ya mmoja. Pampu ya ombwe ya gereji ndiyo kifaa kinachofaa, lakini bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, linaweza kuchukua nafasi yake.

Utaratibu ni huu. Mpira wa kihisi unachomolewa kwenye manifoldi. Bastola ya bomba inawekwa kwenye alama ya mililita 20, kisha mdomo wa bomba unaunganishwa na mpira pasipo kuvuja. Tuseme mpira una ujazo wa mililita 2. Hewa iliyofungiwa ni mililita 22 katika mgandamizo wa kilopaskali 88.4. Bastola inavutwa hadi alama ya 42, na ujazo wote unakuwa mililita 44. Kwa kuwa ujazo umezidi mara mbili na jotoridi halijabadilika, mgandamizo unapungua hadi nusu, yaani kilopaskali 44.2. Kihisi kizima kinapaswa kusoma takribani volti 1.9. Bastola ikishikiliwa hapo na volti zikaanza kupanda, upo uvujaji katika mpira au katika kihisi.

Jaribio hili lina faida mbili. Kwanza, linapima mteremko wa ishara, na si nukta moja tu. Pili, rejea yake ni kanuni ya gesi na hewa ya mahali hapo, hivyo halitegemei kitabu isipokuwa kwa kutafsiri volti. Katika gari la mfano, tunachukulia kwamba kihisi kimesoma 3.2 kisha 1.9, na kikashikilia. Kihisi hicho ni kizima.

4.3 Kupima kihisi kikiwa kazini

Ikiwa kihisi ni kizima, kwa nini injini inavuta moshi mweusi? Mwundaji alisema tatizo huanza injini ikipata joto, na akalihusisha joto na kihisi. Lakini joto lina matokeo mengine: feni ya rejeta huwaka. Maswali mawili ya kuuliza ni haya: je, tatizo huanza na joto, au huanza na feni? Na je, feni ikiwashwa kwa waya wa pembeni wakati injini ingali baridi, moshi utatokea? Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na linatenganisha sababu mbili ambazo siku zote hutokea pamoja.

Tuchukulie kwamba moshi umetokea. Sasa mita inawekwa kwenye volti. Ncha moja inagusa ncha hasi ya betri, na nyingine inagusa E2 kwenye soketi ya kihisi. Feni ikiwa imezimwa, mita inasoma karibu sifuri. Feni ikiwaka, inasoma volti 0.3. Kwa nadharia, ethi haipaswi kuwa na volti zozote. Volti hizo 0.3 ndizo kiini cha ugonjwa.

Chanzo chake ni namna gari lilivyofungwa. Ili kufupisha waya, mwundaji aliikata E2 na kuifunga kwa bolti kwenye chasisi badala ya kuirudisha kwenye kompyuta. Feni nayo imefungwa ethi kwenye chasisi. Chasisi inaunganishwa na injini, na kupitia injini na betri, kwa kebo moja iliyokazwa juu ya rangi. Ukinzani wa kiungo hicho ni omu 0.03 tu, lakini feni inayovuta ampea 10 huzalisha hapo volti 0.3. Chasisi yote, pamoja na E2, huinuliwa kwa kiasi hicho juu ya ethi ya kompyuta.

Ikumbukwe kwamba kipimo cha kawaida cha ukinzani kisingeligundua tatizo hili. Nyaya za mita yenyewe mara nyingi zina ukinzani unaozidi omu 0.1, hivyo omu 0.03 hupotea ndani yake. Kiungo cha ethi hupimwa kwa volti kikiwa kimebeba mkondo.

4.4 Kwa nini kosa dogo lina madhara makubwa

Injini inapotulia bila kukanyagwa mafuta, mgandamizo wa manifoldi unaweza kuwa kilopaskali 30, na ishara sahihi ni takribani volti 1.46. E2 ikipanda kwa volti 0.3, kihisi hubaki na volti 4.7 za kutumia badala ya 5. Ishara yake hupungua kwa asilimia 6, kisha huinuliwa kwa 0.3. Kompyuta huona takribani volti 1.67 na kuamini kwamba mgandamizo ni kilopaskali 37. Huo ni ongezeko la takribani asilimia 23, na petroli huongezwa kwa uwiano huohuo. Kukosekana kwa kihisi cha oksijeni kunainyima kompyuta njia ya kugundua na kurekebisha kosa hilo.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa injini ikiwa imezimwa, ishara ya volti 3.2 hupanda hadi 3.3 tu. Kwa maneno mengine, kosa ni dogo pale fundi anapozoea kupima, na ni kubwa pale injini inapoumia. Zaidi ya hayo, feni ikiwa imewashwa wakati wa kipimo hicho, ishara inayofika kwenye kompyuta ingeingia ndani ya masafa ya kitabu, na gari lingepewa hati ya uzima katika hali yake mbaya zaidi.

Kihisi cha jotoridi la maji nacho huathirika. Ikiwa ishara yake katika nyuzi 80 ni volti 0.5, kuinuliwa kwa E2 kunaipeleka karibu volti 0.8. Kwa kihisi hiki volti nyingi humaanisha baridi, hivyo kompyuta huamini kwamba injini haijapata joto na kuongeza petroli zaidi. Mashahidi wawili wanapotoa uongo unaoelekea upande mmoja na kwa wakati mmoja, mchunguzi hana budi kutafuta kile wanachoshirikiana. Katika gari hili wanashirikiana E2.

Tiba ni kurudisha E2 moja kwa moja kwenye kompyuta, kukwangua rangi chini ya kebo ya chasisi hadi chuma kionekane, kukaza kiungo na kukipaka grisi ili unyevu wa ukanda wa Ziwa usikitie kutu. Baada ya hapo kipimo cha 4.3 kinarudiwa. Volti zikishuka hadi karibu sifuri huku feni ikiwaka, uchunguzi umekamilika.

5.0 MJADALA

Matokeo ya uchunguzi huu yanaibua mambo mawili. La kwanza linahusu hatari ya kulazimisha kipimo kifanane na kitabu. Mwundaji aliyeshawishika kwamba kihisi cha Kiseke kinapaswa kusoma volti 3.6 anaweza kubadilisha kihisi mara mbili au tatu bila mafanikio, kisha akaamua kuchezea ishara ili namba itokee. Akifaulu, kompyuta itaamini kwamba injini inavuta hewa ya usawa wa bahari, na hewa isiyobanwa na throto itapewa petroli takribani asilimia 15 zaidi ya inayostahili. Hapo atakuwa ameunda ugonjwa mpya kwa jina la tiba.

La pili linahusu mipaka ya neno "kibovu". Katika gari la kiwandani, nyaya huchukuliwa kuwa sahihi hadi ithibitike vinginevyo, na shaka huanza na kijenzi. Katika gari lililoundwa nyumbani, utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Kihisi kilitengenezwa na kupimwa kiwandani; kila kiungo kinachokizunguka ni kazi ya mikono na hakijawahi kupimwa. Shaka inapaswa kuanza na viungo. Inaweza kupingwa kwamba vihisi vilivyotumika ni vikuukuu na huchakaa. Pingamizi hilo lina ukweli, na ndiyo maana hatua ya 4.2 haikurukwa. Kinachosisitizwa ni kwamba uchakavu uthibitishwe kwa kipimo, usidhaniwe kutokana na umri.

6.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Namba ya kitabu ni fimbo iliyochongwa kwingine. Ili itumike Kiseke, lazima kwanza ipimwe kwa hewa ya Kiseke. Makala yameonesha kwamba usomaji wa volti 3.2 ulioonekana kuwa ushahidi wa ubovu ulikuwa kipimo sahihi cha mgandamizo wa hewa ya ukanda wa Ziwa, na kwamba kosa lilikuwa katika kiungo kimoja cha ethi.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Mosi, kila mwundaji aandike, tangu siku ya kwanza gari linapowaka vizuri, usomaji wa vihisi vyote injini ikiwa imezimwa, ikiwa imetulia na feni ikiwa inazunguka. Daftari hilo ndilo kitabu cha ufundi cha gari lake. Pili, mafunzo ya ufundi wa magari, katika vyuo vya VETA na kwingineko, yafundishe kurekebisha thamani rejea kulingana na mwinuko, hasa kwa kuwa Mwanza, Dodoma, Arusha na Mbeya zote zipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Tatu, kipimo cha volti katika ethi, vifaa vikubwa vya umeme vikiwa vimewashwa, kitangulie ununuzi wa kihisi chochote. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kifaa zaidi ya mita ya kawaida.